Ukiwapeleka watoto kuona ya kale, mchukue na babu yao

Mpenzi msomaji, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili, hebu jiulize swali moja. Watoto wako wamepelekwa mara ngapi kwenye yale maduka makubwa yenye ngazi za umeme, na wamepelekwa mara ngapi Fort Jesus? Na wazazi wako, ambao ndio babu na nyanya za watoto hao, je, wao wamewahi kuingia humo hata siku moja?

Mimi nilipojiuliza niliona haya. Nimezaliwa na kulelewa Utange, huku Kisauni, na mjini si mbali siku ambayo barabara haikufunga. Hata hivyo, mara moja tu nilipata kuingia Fort Jesus, nikiwa darasa la sita. Walimu walitupanga foleni, wakatuhesabu kama mbuzi wa mnadani, tukazungushwa mbio mbio, tukanunua mabuyu, tukarudi. Wanangu wawili, kifungua mimba wa miaka minane na kitinda mimba wa miaka mitano, walikuwa hawajafika kabisa. Babangu naye, mwenye umri wa miaka 77, mtu aliyeishi Mombasa tangu azaliwe, alikuwa hajakanyaga ndani. Nilidhani ni shughuli za dunia zilizomzuia. Kumbe palikuwa na jambo, na jambo hilo ndilo lililonifanya niandike haya leo.

Mambo yalianza kwa kazi ya shule. Kifungua mimba, ambaye yuko gredi ya tatu, alirudi nyumbani na daftari lenye agizo la mwalimu: ataje jengo moja la kale katika kaunti yake, alichore, na aeleze lilitumiwa kwa kazi gani hapo zamani. Nami, kama wazazi wengi wa siku hizi, nikashika simu nianze kutafuta majibu. Mamangu, ambaye wajukuu humwita Hawe kama ilivyo kwetu Wagiriama, alinitazama, kisha akasema:

"Mtoto ameulizwa habari za kale, nawe waiuliza simu. Mtu wa kale si huyo ameketi hapo?"

Akamwonyesha mumewe kwa kidole. Mzee alikuwa akihangaika na redio yake. Alipoambiwa kwamba mjukuu anataka habari za Fort Jesus, alijibu, "Hiyo mimi siijui." Akainuka, akaenda kuwaangalia mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kuangaliwa.

Nikaamua twende wote.

Darasa ndani ya matatu

Jumamosi iliyofuata tuliondoka asubuhi mapema. Hawe alisema magoti yake hayamruhusu, lakini alitufungia mihogo ya kuchemsha na chupa mbili za maji. Babu alikubali shingo upande. Alisema anakuja kwa sababu anataka kununua betri za redio mjini, basi. Tukachukua tuktuk hadi barabara kuu ya Malindi, kisha matatu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ziara ya mambo ya kale haianzii kwenye lango la makumbusho. Makanga alipopaza sauti, "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" yule mdogo akauliza kengele yenyewe iko wapi. Msomaji, mimi nimepita hapo maelfu ya mara nikienda kazini na sikuwahi kuuliza. Babu ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwamba kengele ipo kweli, imetundikwa katika mnara mdogo, na kwamba zamani ilipigwa ili kuwaonya watu wakimbie wakamatao watumwa wanapokuja.

"Watumwa ni nini?" akauliza mtoto.

"Ni watu walioibwa makwao," akasema Babu.

Tulipofika Daraja la Nyali akaanza tena. Akawaambia kwamba kabla ya daraja hili la zege, ambalo lilifunguliwa mwaka 1980, palikuwa na daraja jingine lililoelea juu ya maji. Hilo lilikuwa limewekwa tangu mwaka 1931, na watu walikuwa wakilipa pesa ili kulivuka. Watoto wakachungulia dirishani kama kwamba daraja hilo bado lipo. Abiria wawili watatu waliokuwa mbele yetu wakaacha simu zao wakageuka kumsikiliza mzee. Nami nikajisemea moyoni kwamba huyu ndiye aliyesema hajui kitu.

Nitawangoja hapa

Nje ya Fort Jesus pana mizinga miwili ambayo wengi hupigia picha bila kujua habari zake. Mmoja ulitoka katika manowari ya Uingereza iliyoitwa Pegasus, na mwingine katika manowari ya Ujerumani iliyoitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Königsberg iliivizia Pegasus bandarini Unguja ikaizamisha. Mwaka uliofuata Waingereza nao wakaifuata Königsberg katika delta ya mto Rufiji, huko Tanganyika, wakaimaliza. Leo mizinga ya maadui hao imekaa pamoja Mombasa, na watoto wa shule wanaipanda kama farasi. Kisa hicho wanangu walikipenda mno. Waligawana mizinga wakapigana hadi wakachoka.

Tulipoliendea lango, Babu akasimama.

"Nendeni," akasema. "Mimi nitawangoja hapa."

Nikamwambia kiingilio chake nimekwisha kulipa. Akasema si neno. Nikamwambia ndani kuna kivuli. Akasema hata hapa kuna kivuli. Basi nikamwachia chupa ya maji, nikaingia na watoto, nikiwa nimeudhika kidogo, sitakuficha.

Kwa faida ya wale waliosahau masomo yao, ngome hii ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, kwa ramani iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, mwenye kichwa, mikono na miguu. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi kuliko silaha. Meli moja ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa ndani yake na wapiga mbizi baina ya mwaka 1977 na 1980 vimo katika makumbusho. Baadaye akina Mazrui waliitawala Mombasa kutoka humo hadi mwaka 1837. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya gereza, na ikabaki gereza hadi mwaka 1958. Kisha mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, akaichimbua na kuitengeneza, ikawa makumbusho. Mwaka 2011 shirika la UNESCO likaiandika katika orodha ya urithi wa dunia, kama lilivyokwisha kuuandika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, mji wa kale wa Lamu mwaka 2001 na misitu ya kaya za Wamijikenda mwaka 2008.

Wanangu hawakujali hata tarehe moja kati ya hizo. Kilichowashika ni picha za meli na watu ambazo askari wa Kireno walizichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Kifungua mimba alitaka kujua kama askari hao walichapwa kwa kuchafua ukuta, maana yeye alichapwa. Na yule mdogo akaona mifupa ya nyangumi. Alisimama mbele yake kinywa wazi, kisha akageuka akasema, "Babu hajaiona hii!"

Hakukubali kusonga hata hatua moja mpaka babu yake aite na aone. Ikabidi nitoke naye.

Tulimkuta mzee ameketi pale pale, mgongo ukutani, kofia ameiweka gotini. Mtoto akamvuta mkono. "Babu, njoo. Kuna samaki mkubwa kuliko nyumba yetu."

"Siwezi, mjukuu wangu. Mama yangu alinikataza kupita mlango huu."

"Lini?"

"Nilipokuwa mdogo kama dada yako."

Ndipo akatueleza. Ilikuwa mwaka 1957, yeye akiwa na miaka tisa. Babake alikuwa amefungwa humo. Kosa lake hakulitaja, nami sikuuliza. Yeye na mamake walitoka Utange usiku kwa miguu, wamechukua chakula na nguo safi, wakafika hapo jua limekwisha kupanda. Mamake alipokwenda kuingia alimketisha penye kivuli akamwambia, "Wewe kaa hapa. Mlango huu mwanangu hataupita." Alikaa mpaka mama akatoka. Njia yote ya kurudi hawakusema neno, isipokuwa moja: majirani wakiuliza, baba amekwenda Tanga kufanya kazi ya mkonge.

Msomaji, tangu utotoni nimesikia kwamba babu mzaa baba alifanya kazi Tanga katika mashamba ya mkonge. Shangazi zangu husema hivyo mpaka leo. Nilikuwa na hakika nayo kama nilivyo na hakika na jina langu.

Kukawa kimya. Sikujua la kusema. Mtoto wa miaka mitano ndiye aliyejua. "Lakini sasa si jela, Babu," akamwambia. "Sasa kuna nyangumi."

Mzee alicheka. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa kiganja, nami sikutazama sana. Kisha akavaa kofia yake, akashikwa mkono na mjukuu wake, akapita lango.

Alimtazama nyangumi kama alivyotakiwa. Halafu akamuuliza mwongozaji wetu, kijana mpole, wafungwa walilala upande gani. Kijana akamwonyesha. Babu akasimama pale kwa muda, akavua kofia. Kifungua mimba akamsogelea.

"Babako alikuwa askari hapa?"

"La. Alikuwa mfungwa."

"Akafanywaje?"

"Akarudi nyumbani," akasema Babu, "akanilea."

Yule mwongozaji naye, kwa heshima, akatuongezea jambo ambalo sikulijua. Alisema wataalamu wa lugha hueleza kwamba hata neno letu gereza lina asili ya Kireno, kutoka neno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa la Wareno, watu wakazoea kuliita jengo kwa jina hilo, na lilipokuja kutumiwa kuwafungia watu, maana ya neno nayo ikageuka. Babu aliposikia hayo alitikisa kichwa. "Kumbe hata neno huhama," akasema.

Mambo ya kuzingatia

Huenda ukasema, "Hayo ni ya kwenu, babake mwandishi ana kisa chake." Ninakuhakikishia, mzazi mwenzangu, kila mzee ana lake. Nyanyangu mzaa mama alikulia Rabai, karibu na kanisa la kale, akafariki kabla sijapata akili ya kumuuliza aliyoyaona. Majina ya ndugu zake sasa hakuna ayajuaye. Kwa hiyo ukitaka kufanya ziara kama hii, sikiliza niliyojifunza, mengine kwa kukosea.

Kwanza, nenda asubuhi. Lango la Fort Jesus hufunguliwa saa mbili. Kufika saa tano, kuta za matumbawe zimeshika joto na kila mtu ana hasira, tangu mtoto hadi mzee. Beba maji, kofia, leso ya kukalia na chakula chepesi. Sisi mihogo ya Hawe ndiyo iliyotuokoa.

Pili, fikiria miguu ya mzee. Njia ya kuingilia inapanda, na mawe hayako sawa. Viatu viwe vya kushika chini, na kama ana fimbo asiione haya. Ukifika mahali, tafuta kwanza kivuli na uulize choo kiko wapi kabla hakijahitajika. Dawa zake za asubuhi azimeze nyumbani baada ya kula, zisisahauliwe kwa haraka ya safari.

Tatu, usiwachoshe watoto. Saa moja na nusu yatosha kwa wadogo. Usisome kila kibao. Mpe kila mtoto kitu kimoja cha kutafuta: huyu atafute kichwa cha mtu aliyelala, yule ahesabu mizinga. Wakishiba kutazama, ondokeni. Afadhali watoke wakitaka kurudi.

Nne, ukichukua mwongozaji, elewaneni malipo mapema, na umwombe apunguze tarehe aongeze visa. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, basi beba kitambulisho chako na cha mzee. Viwango hubadilika, uliza kabla ya kutoka nyumbani. Uwe pia na pesa kwenye simu, usije ukakwama langoni na familia nzima.

Tano, usimhoji mzee kama polisi. Ukimwambia, "Haya, tueleze historia," atakujibu kama babangu alivyojibu kwamba haijui. Mwonyeshe kitu: chungu, kinu, taa, mlango wa nakshi. Muulize kilitumiwaje kwao. Mkono wake utaanza kuonyesha, na maneno yatafuata mkono.

Sita, akisema haingii, mwache. Mimi niliudhika, na nilikosea. Hukujua anachokikumbuka. Akitaka kusema atasema kwa wakati wake, na mara nyingi atamwambia mjukuu kabla hajakwambia wewe.

Saba, usiwaogope watoto. Wazazi wengi huniuliza, je, mtoto mdogo aambiwe habari za utumwa na magereza? Aambiwe kweli, kwa kipimo chake. "Watu walioibwa makwao" ni kweli tupu, na mtoto wa miaka mitano aliielewa. Mengine atauliza akikua.

Si lazima Fort Jesus

Kwa sisi wa Kisauni, nauli ya kwenda mjini watu wanne si kitu cha kuchezea. Lakini mambo ya kale tunayo hata huku bara.

Anza na hapo Kengeleni. Mji wa Frere Town ulianzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa CMS ili kuwapa makao watumwa waliookolewa. Ulipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara hiyo, na mkataba ukatiwa sahihi mwaka huohuo. Baadhi ya wakazi wake wa kwanza walikuwa wamelelewa Nasik, huko India, baada ya kuokolewa baharini. Wapo Mombasa hadi leo wajukuu na vitukuu vya watu hao. Mnara wa kengele waweza kuutazama bila kulipa chochote. Mtoto akiuona mara moja, kila makanga akiita atajua anaitwa wapi.

Huko Nyali pana kaburi la Rosine, mkewe mmishenari Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo mama akafa pamoja na mtoto mchanga. Krapf alibaki, akahamia Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rabai nako kuna makumbusho madogo yafaayo sana kwa familia.

Ukivuka daraja la Mtwapa, nenda Jumba la Mtwana, ufuoni. Huo ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, uliochimbuliwa na yule yule Kirkman mwaka 1972. Misikiti minne, nyumba za matumbawe na chokaa, visima, vyoo, na mibuyu imeota katikati. Hapo mpe nyanya usukani. Nyanya aliyejenga nyumba ya udongo na makuti atawaonyesha watoto chumba kilikuwa wapi na maji yalichotwa wapi kuliko kibao chochote. Na pana upepo wa bahari na nafasi ya kula.

Hata hapa Utange penyewe pana la kusimuliwa. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mnamo Januari 1991 na vita vikapamba moto, maelfu ya watu walikimbilia Kenya, na Utange ikawa na kambi ya wakimbizi katika miaka hiyo. Mimi nilikuwa mtoto mdogo mno. Hawe aliwauzia wakimbizi nazi na mchicha, na mpaka leo anajua maneno machache ya Kisomali aliyofunzwa na mama mmoja wa kambini. Hakuna kibao wala kiingilio. Siku ukiwa huna nauli, mwombe mzee wa mtaani awatembeze watoto jioni awaonyeshe palikuwa na nini na wapi.

Kuhusu kaya zetu, tafadhali, hizo si mahali pa kujiingilia tu na kikapu cha chakula. Zina wazee wake na miiko yake. Omba ruhusa, na ukikataliwa, rudi kwa adabu.

Aandike

Nirudi kwenye daftari. Usiku ule kifungua mimba aliketi kwenye meza akachora ngome, akaipaka rangi ya manjano, akaandika kwamba ilikuwa ngome, ikawa gereza, na sasa ni makumbusho. Kisha akaandika sentensi ya mwisho: "Babu wa mama yangu alifungwa hapa."

Nilishtuka. Daftari hilo litasomwa na mwalimu, huenda likasomwa mbele ya darasa. Watoto wana maneno. Na shangazi zangu je, wakisikia? Nikachukua kifutio. Nikamwita Babu kando, nikamsomea kwa sauti ya chini, nikamwambia, "Baba, hii niifute?"

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Redio ilikuwa imezima, maana betri zenyewe hatukununua.

"Mama yangu alificha kwa sababu alikuwa na watoto wa kulinda," akasema hatimaye. "Mimi nimeficha kwa sababu yeye alificha. Huyu mtoto hana sababu. Aandike."

Nikakirudisha kifutio mahali pake. Na kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa tena, kwani gazeti si daftari. Amekubali, mradi nisitaje majina, na mradi niwapigie shangazi zangu simu kwanza wasije wakayasoma kwa ghafla. Nimewapigia. Mmoja alikata simu. Wa pili alilia, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nashuku. Hakuwahi kututajia hata mtaa mmoja wa Tanga."

Daftari limerudi. Mwalimu ametia alama zake, na chini kwa wino mwekundu ameuliza kama Babu anaweza kuja siku moja kuwasimulia wanafunzi. Mzee amesema atafikiri. Lakini Hawe ameniambia kwamba lile shati lake jeupe la mikono mirefu limekwisha kutolewa sandukuni, na kwamba ameuliza pasi iko wapi.

Basi, mpenzi msomaji, Jumamosi ijayo una mpango gani? Kama mzazi wako yu hai, usingoje likizo ya Desemba. Mpigie leo, umuulize kama angependa kutembea kidogo na wajukuu. Akikwambia hajui chochote, mchukue vivyo hivyo. Na mkirudi, niandikie uniambie aliwaeleza nini njiani.

Jumapili njema.